Chuma cha Bahari ya Kusini: tupime kinachoota au kinachozama?

Tangu iwekewe kanuni nchini mwaka 2022, biashara ya kaboni imezoeleka kama jambo la misitu: kijiji kinatunza miti, mnunuzi wa mbali analipia hewa ukaa iliyofungiwa humo. Sasa limekuja la bahari. Hapa Mtwara, pale Feri wanapongojea kivuko cha Msangamkuu, nilimsikia mwalimu wa jiografia akimsimulia nahodha mstaafu kwamba wapo watu wanaotaka kumwaga chuma katika Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika. Vijimea vidogo vya majini viote kwa wingi, vinyonye hewa ukaa, vizame nayo, kisha tani zilizozama ziuzwe kama hati za kaboni.

"Sasa huko kwenye barafu na huku kwetu, wapi na wapi, mwanangu?" nahodha akauliza.

"Hewa ni moja, mzee wangu. Ikipoa huko, imepoa na huku."

Mwalimu alisema kweli, ila alijibu nusu ya swali. Nianze na upande wake, maana una nguvu kuliko wapinzani wake wanavyopenda kukiri.

Bahari ya Kusini ni tajiri wa rutuba. Maji ya vilindini hupanda juu yakiwa yamesheheni nitrati na fosfeti, na katikati ya kiangazi jua karibu halizami. Kwa hesabu hiyo ingepaswa kuwa kijani kila msimu. Haiwi, isipokuwa katika maeneo machache, kama yale yanayozunguka visiwa vya Kerguelen, kusini mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 1990 mwanasayansi Mmarekani John Martin alitoa maelezo yake: kinachokosekana ni chuma. Bara limefunikwa na barafu, vumbi la majangwa, ambalo hubeba chuma, haliifikii bahari hiyo kwa wingi, na vijimea bila chuma haviwezi kutumia rutuba iliyopo hata ikiwa tele. Miaka miwili kabla ya hapo aliwahi kutania kwamba akipewa nusu meli ya chuma atairudishia dunia enzi ya barafu. Alifariki Juni 1993, miezi michache kabla ya jaribio la kwanza kufanyika baharini.

Barafu iliyochimbwa Antaktika inamuunga mkono. Katika vipindi vya baridi kali vumbi lilikuwa jingi, na hewa ukaa ilikuwa chembe 180 hivi kwa kila milioni moja, wakati katika vipindi vya joto kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Hivi karibuni tumeona mfano bila kuuomba: moshi wa mioto mikubwa ya Australia ya 2019 na 2020 ulibeba chuma hadi Bahari ya Kusini, na maji ya huko yakawa kijani kwa upana uliozidi Australia yenyewe. Kati ya 1993 na 2009 majaribio zaidi ya kumi ya kumwaga chuma kwa makusudi yalifanyika, mengi yake katika bahari hiyo, na karibu kote vijimea viliota. Chuma ni rahisi, na kinachohitajika ni kidogo. Bahari zote kwa pamoja tayari zinameza karibu robo ya hewa ukaa tunayotoa, na kama asilimia 40 ya sehemu hiyo hupitia Bahari ya Kusini. Mtu akisema tuisaidie ifanye zaidi, si mwendawazimu.

Ila kuota ni jambo moja na kuzama ni jingine. Hapo ndipo hati zinapoanza kunitia shaka.

Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba anaujua ugomvi wa unyaufu: uzito uliosomeka pale AMCOS, chama chao cha ushirika, na uzito unaosomeka ghala kuu haulingani, na wa kubeba hasara lazima apatikane. Kaboni ya baharini ina unyaufu wa kutisha. Vijimea vya bahari zote hutengeneza takriban tani bilioni 50 za kaboni kwa mwaka. Inayotoka kwenye tabaka lenye mwanga na kushuka chini inakadiriwa kuwa kati ya bilioni 5 na 12. Kila mita inaposhuka, kopepodi (wadudu wadogo wa majini) na bakteria wanaila na kuipumua tena kuwa hewa ukaa, kiasi kwamba inayozikwa kwenye tope la sakafu ya bahari haifiki hata asilimia moja ya ile ya juu. Kina nacho kina maana yake. Kaboni iliyopumuliwa mita 200 chini inaweza kurudi hewani tufani za kipupwe zikishayavuruga maji. Iliyopita mita 1,000 hukaa huko karne na karne.

Majaribio mawili yanatosha kuonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2004 meli ya utafiti ya Kijerumani, Polarstern, ilimwaga chuma ndani ya kizunguko cha maji katika Bahari ya Kusini. Walioota kwa wingi walikuwa diatomu, vijimea vyenye ganda la silika. Walishikamana wakawa vidonge, wakashuka, na ripoti ya 2012 ilisema angalau nusu ya mavuno hayo ilipita mita 1,000. Mwaka 2009 meli ileile, safari hii ikiwa na wanasayansi wa India na Ujerumani, ilirutubisha eneo la kilomita za mraba 300. Silika ilikuwa imekwisha majini, kwa hiyo diatomu hawakuweza kujenga maganda. Wakaota wengine laini, kopepodi wakawala, kopepodi nao wakaliwa na wanyama wakubwa zaidi yao. Kilichozama kilikuwa kidogo mno.

Chuma kilekile, bahari ileile, majibu mawili. Anayeuza hati kwa kuangalia picha ya setilaiti iliyogeuka kijani anauza korosho kwa uzito wa shambani.

Upande wa pili wa dunia, katika Aktiki, kuna faraja inayotolewa bila chuma kumwagwa: barafu ikiyeyuka, mwanga unaingia majini, vijimea vinaongezeka, na bahari inajitibu yenyewe. Ni kweli kwamba uzalishaji wa vijimea huko ulipanda kwa asilimia 57 kati ya 1998 na 2018, mwanzoni kwa sababu eneo lisilo na barafu lilipanuka, baadaye kwa sababu vijimea vyenyewe vilisongamana zaidi. Lakini ipo aina ya mwani inayoishi ikining'inia chini ya barafu. Mwaka 2012, barafu ilipopungua hadi kilomita za mraba milioni 3.41, watafiti waliukuta mwani huo umerundikana kwenye sakafu ya bahari, kina cha kama mita 4,000. Barafu ikishatoweka, mwani wa namna hiyo utaotea wapi? Faraja hii sijaipokea.

Wapo wanaopendekeza njia ya upole zaidi: waacheni nyangumi waongezeke. Nyangumi wanakula krili, viumbe wadogo mfano wa kamba, kinyesi chao kina chuma, na karne ya 20 iliua zaidi ya nyangumi milioni mbili katika nusu ya kusini ya dunia. Krili nao hudondosha kinyesi kizito kinachozama haraka, na uvuvi wao umewekewa kikomo cha tani 620,000 katika eneo kuu linalovuliwa. Mwaka 2025 msimu ulifungwa mapema Agosti baada ya kikomo kufikiwa. Hoja hii inatugusa, kwani nyangumi wanaoonekana Msimbati wakati wa kusi, wakija kuzaa kwenye maji yetu ya vuguvugu, walinenepeana kwa krili wa Antaktika. Napenda walindwe kwa kila hali. Sijashawishika tu kwamba kinyesi chao kitalipia moshi wa viwanda.

Nirudi kwenye ile nusu ya swali la nahodha iliyobaki. Hewa ni moja, sawa, lakini na maji nayo yana safari yake. Sehemu ya maji ya juu ya Bahari ya Kusini huzama kabla rutuba yake haijatumika yote, yakasambaa kaskazini chini ya tabaka la joto, na baada ya miongo kadhaa rutuba hiyo hupanda kwenye mwanga katika bahari za tropiki. Wanasayansi waliopiga hesabu hiyo mwaka 2004 walikadiria kwamba karibu robo tatu ya uzalishaji wa bahari zilizo kaskazini ya latitudo 30 kusini inategemea rutuba inayotoka huko. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unavuka Bahari ya Hindi na kugonga Afrika karibu na Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, ukagawanyika. Tawi la kaskazini ndilo linaloosha Msimbati, Mikindani, Lindi na Kilwa. Maji yetu yana rutuba haba tangu mwanzo. Yakipunguziwa, hayana akiba ya kutegemea.

Kwa hiyo mradi mkubwa, wa miaka mingi, unaoteketeza nitrati na fosfeti kule kusini, unaweza kuhesabiwa tani zake huko na kuacha deni huku. Jaribio la tani chache haliwezi kumgusa dagaa wa Mikindani, na anayesema hivyo anaongeza chumvi. Samaki wetu wameumizwa zaidi na baruti, kokoro na joto lililofanya matumbawe yapauke mwaka 1998 na 2016. Wala hatuna mikono safi ya kuwahubiria wengine: gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na tangu 2015 inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Mwalimu anasema dunia inatoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa, mafuta na gesi, na kukataa hata kujaribu ni uamuzi wenye gharama. Hapo nakubaliana naye.

Ninapotofautiana naye ni kwenye mauzo. Utafiti uendelee, wazi, wenye vipimo vya mita 1,000 na si vya juu tu, ukipima pia oksijeni inayopotea vilindini na vijimea vyenye sumu vinavyoweza kuota. Hati zisiuzwe kwa sasa. Mwaka 2012 nje ya pwani ya magharibi ya Kanada zilimwagwa tani kama 100 za salfeti ya chuma, matumaini ya hati za kaboni yakiwemo, na dunia ikabaki inabishana kuhusu sheria. Mwaka uliofuata nchi wanachama wa Itifaki ya London, inayosimamia utupaji wa vitu baharini, walipitisha marekebisho ya kuruhusu utafiti tu, tena baada ya tathmini. Marekebisho hayo hayakupata sahihi za kutosha kuanza kutumika.

Na kuna kazi inayotuhusu sisi moja kwa moja, haihitaji kungoja Itifaki. Nitrati, fosfeti na klorofili (rangi ya kijani ya vijimea) ya maji yanayoingia kwa mkondo huu zipimwe kuanzia sasa, kusi na kaskazi, mwaka baada ya mwaka, kutoka mdomo wa Ruvuma hadi Kilwa. Siku moja kusini wakianza kumwaga kwa meli nzima nzima na samaki wetu wakapungua miaka thelathini baadaye, bila kumbukumbu hizo hakuna atakayeweza kuonyesha upungufu ulitokea wapi. Lawama itamwangukia mvuvi wa kokoro, kama ilivyozoeleka.