Tuipime Baipasi ya Mtwara Kabla Foleni Haijafika

"Foleni ni za Dar. Sisi Mtwara baipasi ya nini?"

Kauli hiyo niliisikia kwa masikio yangu kwenye mkutano wa mtaa hivi karibuni. Mama mmoja wa makamo alikuwa amesimama kuuliza malori ya makaa ya mawe yataendelea kupita mlangoni kwao mpaka lini, na kiongozi aliyekaa meza kuu akamjibu hivyo, kwa kujiamini kabisa. Watu wakapiga makofi, mkutano ukahamia kwenye ajenda ya taka, mama wa watu akakaa. Iliniuma sana. Swali la maana lilizimwa mbele yetu, na sisi tukashangilia.

Ni kweli Mtwara haina foleni. Hiyo ndiyo sababu ya kupima barabara ya mchepuo sasa hivi. Mji ukishafikia kuwa na foleni, njia ya kupitisha baipasi inakuwa imeshajengwa nyumba, na kinachobaki ni kuchagua utambomolea nani.

Tuanze na Dar hiyo hiyo. Barabara ya Mandela ilijengwa ili mizigo ya bandarini iende Ubungo bila kupita katikati ya mji. Leo nani anakumbuka kwamba ile ilikuwa njia ya pembeni? Mji uliifuata, ukaikumbatia, ukaipita. Ikabidi zijengwe barabara za juu, ile ya Tazara ikafunguliwa 2018 na ile ya Ubungo 2021, kuokoa makutano yaliyokwisha kukwama. Na mwaka 2017 ndugu zetu wa Kimara hadi Kiluvya walibomolewa nyumba kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Hifadhi ya barabara pale, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, ilikuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, imeandikwa kwenye karatasi miaka mingi. Kwenye karatasi ilikuwepo, ardhini hakuna aliyeilinda. Watu waliuziwa, wakajenga, wakavutiwa umeme na maji, kisha ikaja X nyekundu.

Hapa naomba nikae kidogo, maana wengi wetu tunadhani foleni inaletwa na wingi wa magari tu.

Safiri kutoka Mtwara kwenda Mingoyo, pale njia panda ya Lindi na Masasi, na uiangalie barabara vizuri. Lami ni ile ile, upana ule ule. Lakini kila ukianza kuchanganya mwendo unakutana na kibao cha 50, kisha tuta, kisha yale matuta madogo yanayotikisa meno, kisha unaruhusiwa, halafu muda si muda 50 tena, na askari yuko chini ya mwembe na tochi yake. Kila tuta pale lina historia yake, na historia hizo zinafanana. Mtu mmoja aliweka meza ya kuuza mihogo kwa sababu magari yanapita. Jirani yake akaweka korosho. Bodaboda wakafanya kijiwe. Mwenye shamba akaona bora akate viwanja, na kila kiwanja kikatazama lami, kwa sababu fremu inayotazama lami ndiyo yenye kodi nzuri. Ikaja mashine ya kusaga, ukaja msikiti, ikaja shule ya msingi. Watoto wakaanza kuvuka asubuhi na mchana. Siku moja mtoto akagongwa. Wananchi wakafunga barabara kwa mawe na magogo wakidai tuta, na walikuwa na haki. Hata mimi ningeenda kubeba jiwe. Tuta likawekwa, na kuanzia siku hiyo kipande kile cha barabara kuu kikawa barabara ya mtaa.

Ukimtafuta mkosaji katika mlolongo huo humpati. Muuza mihogo hana kosa, mwalimu hana kosa, mzazi aliyebeba jiwe hana kosa. Kosa lilifanyika mwanzoni kabisa, pale viwanja vilipoachwa vifungue milango kwenye barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yanayotoka mbali kwenda mbali. Kila mlango unaofunguka pale ni mahali ambapo gari litapunguza mwendo, litakata kona, litageuza, au litasimama kushusha mtu. Sasa weka hapo lori lenye tani 56, ambazo ndizo ukomo wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Likishasimama kwenye tuta, kulirudisha kwenye mwendo ni kazi. Nyuma yake kuna basi la abiria, kuna bajaji, kuna baiskeli ya mtu wa mkaa, na hakuna anayeweza kupita mwenzake. Foleni imekwisha kuzaliwa hapo, na magari hayazidi hata ishirini.

Nenda Mikindani uone ninachosema. Upande mmoja ni maji ya ghuba, upande wa pili ni mji wa kale, kuta za matumbawe na chokaa, na kile kilima chenye boma la Wajerumani la 1895. Katikati ndiyo barabara kuu. Hapana pa kuipanua labda umwage kifusi baharini au uangushe historia. Nimesimama pale nikatazama dereva wa semitrela ameshuka kukaza kamba ya turubai, vumbi jeusi limejaa kwenye mikunjo yote ya lile turubai, na kila anapovuta kamba linamwagika pembeni ya barabara. Mama mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alikuwa anasubiri kupita. Hakuweza kuzunguka kwa nyuma kwa sababu trela lilikuwa limeziba njia ya miguu yote, na kwa mbele kulikuwa na lori jingine linakuja. Akasubiri huku maji ya samaki yanamtiririka shingoni. Dereva naye hakuwa na pengine pa kusimama. Barabara ile haikutengenezewa mahali pa lori kuegesha.

Malori haya si ya kupita na kuisha. Makaa yanatoka Mbinga, yanashuka Songea, Tunduru, Masasi, Mingoyo, mpaka bandarini kwetu, na biashara ilipamba moto mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuwafanya wateja wa nje wahangaike kutafuta makaa. Bandari ina gati jipya la mita 300 na imeshavuka tani milioni moja kwa mwaka. Korosho nazo, zilizokuwa zikipakiwa kwenda Dar kwa barabara, serikali ikaagiza zisafirishwe kupitia hapa. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu ya kushangilia, maana tumelalamika miaka kwamba bandari yenye kina cha asili imelala. Sasa imeamka. Msimu wa korosho ukianza Oktoba, malori yanayosubiri zamu ya ghala yanajipanga pembeni ya lami. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na ya 2022 imetukuta tumeshapita 140,000.

Halafu kuna jambo ambalo sioni likijadiliwa. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210, inakamilishwa kwa lami. Kipande cha Mtwara hadi Mnivata, kilomita 50, kimekwisha, na kile cha kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi kimepata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ikikamilika, mji wetu utakuwa na mlango wa pili kwa upande wa Naliendele. Najua atakuwepo wa kuniambia kwamba malori mazito yataendelea kupita Mingoyo kwa sababu mlima wa Newala ni mkali. Huenda kwa makaa ikawa hivyo. Lakini korosho za Newala na Tandahimba ziko juu huko huko, hazina haja ya kupanda mlima wowote, zinateremka tu kuja Mtwara. Zitaingia Naliendele na zitapenya katikati ya mji kuifuata bandari.

Kati ya upande ule wa Naliendele na ule wa Mangamba na Mikindani bado kuna mikorosho, mihogo na pori. Mstari wa barabara unaweza kupita leo bila kugusa paa za watu wengi. Lakini mashamba yale yanakatwa. Dalali anakupeleka, anakuonyesha bikoni alizozipaka rangi nyeupe jana, anakwambia, "Hapa kaka, barabara kubwa itapita, utakuja kunishukuru." Mnaandikishana hati ya mauziano, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, anachukua asilimia yake, mchezo umekwisha. Hakuna hata mmoja katika wote hao aliyefungua ramani. Barabara itakuja kweli, na itakuta msingi wa nyumba na mfuko wa mwisho wa saruji.

Ndiyo maana nasema mchoro ulio kabatini haulindi ardhi. Vigingi vya zege ndivyo vinavyolinda, pamoja na mwenyekiti wa mtaa aliyepewa nakala ya ramani na kuambiwa kwa maandishi kwamba ndani ya mstari huu muhuri haugongwi. Sheria ya Barabara ya 2007 imeshaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu. Kwa baipasi inayotazamia bandari, hizo zihesabiwe ndiyo mwanzo.

Nikubali jambo moja, ingawa silipendi. Mtwara haiko kama Mbeya au Arusha, ambako gari linapita kwenda kwingine. Huku ndiko mwisho wa safari, na lori lazima lifike bandarini. Kwa hiyo baipasi ya kuuzunguka mji peke yake haitoshi, tunahitaji njia ya mizigo inayofika getini. Pia bandari ya Kisiwa Mgao, iliyokusudiwa kwa shehena chafu kama makaa na saruji, itawapunguzia mzigo watu wa Mikindani, kwa sababu iko kabla hujafika kwao ukitokea Mingoyo. Sawa. Lakini korosho na makontena vitabaki bandari ya mjini, na barabara ya kuingia Kisiwa Mgao nayo ikiachwa ijengewe fremu pande zote, tutakuwa tumehamisha matuta kutoka kata moja kwenda nyingine.

Wanaoogopa kwamba mamantilie watakosa wateja, watengewe eneo la maegesho ya malori lenye maji, vyoo na vibanda. Dereva anakula anaposimama.

Fidia ndiyo inayonitia wasiwasi wa kweli. Kumwekea mtu kigingi shambani halafu ukamwacha miaka kumi haruhusiwi kupanda mkorosho wala kujenga ni dhuluma, na sitaki hoja yangu itumike kuhalalisha hilo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Mthamini aje ahesabu mikorosho mti kwa mti, mwenye shamba alipwe, ndipo ardhi iwe ya barabara. Leo unalipa shamba. Ukisubiri utalipa shamba, nyumba, fremu na kisima, au utambomolea mtu bila kumlipa. Hakuna bei ya tatu.

Mtwara hii tuliikuta imepangwa. Zile barabara pana za mjini zilichorwa enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, na pamoja nazo kulikuwa na reli iliyotoka bandarini mpaka Nachingwea. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Njia ilikuwa imeshasafishwa na tuta limeshajazwa, lakini hakuna aliyeitunza, sehemu kubwa ikawa mashamba na pori. Sasa tunazungumzia reli mpya ya kwenda Mbamba Bay na tunaanza upya kana kwamba hapakuwahi kupita kitu. Ardhi ya umma isiyo na mlinzi hupotea hivyo, kimya kimya.

Lindi mjini wana hali ngumu zaidi yetu, wamebanwa kati ya kilima na bahari, na ule mradi wa gesi wa Likong'o ukianza watajikuta na magari mazito kuliko ya kwetu. Waanze kupima nao.

Na wahandisi watakaochora, tunaomba haya yawemo. Nyumba za pembeni zitazame barabara za ndani na kugeuzia baipasi mgongo. Njia za kuingilia ziwe chache, zenye kipilefti au taa, na kati yake pawe na barabara za huduma kwa bajaji na bodaboda. Kila shule iliyo karibu ipate kivuko cha chini au cha juu kabla lami haijamwagwa, isisubiri mtoto agongwe. Makalavati yawe makubwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara kule Somanga, mikoa ya Lindi na Mtwara ilitengwa na Dar kwa siku kadhaa, tukaona wenyewe maji yanavyofanya yakikosa pa kupita.

Msimu huu fedha za korosho zikiingia, wengi tutanunua viwanja, na vingi viko huko huko Naliendele na Mangamba. Kabla hujampa dalali hata shilingi, nenda ofisi ya ardhi na mipango miji, manispaa au halmashauri ya wilaya kulingana na eneo, uombe kuoneshwa mchoro wa eneo lile na hifadhi ya barabara iliyo karibu. Wakikwambia mchoro haupo, andika barua kuuliza utakuwepo lini, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Diwani wako mpelekee nakala nyingine, na kwenye mkutano ujao wa mtaa simama uulize tena lile swali la yule mama.