Ati Malindi Hakuna Vilima

Hebu nipisheni nikae. Kahawa baadaye, kwanza nipumue. Ati mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, kaketi barazani tangu alasiri, anasema Malindi ni tambarare kama sinia. Sinia! Mwenye kusema hayo hajapata kutoka mjini ila kwa tuktuk. Malindi ni tambarare kwa mwenye injini. Kwa mwenye baiskeli ya gia moja, hata kizingiti cha mlango ni mlima.

Shika njia ya Mambrui, kaskazini ya mji. Kuteremkia daraja la mto Sabaki ni raha tupu, unajiona sultani, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja umeshika kofia. Daraja likiisha, usultani nao umekwisha. Barabara inanyanyuka, na hapo ndipo bodaboda itakupita na abiria wawili na gunia la makaa, na yule wa nyuma kabisa ana nafasi ya kugeuka akuambie, "Mzee, shuka usukume!" Kama kwamba wazo hilo halijakujia. Huko bara, Magarini mpaka Marafa, sisemi kitu.

Sasa kila mtu atakuambia tatizo ni miguu, umri, au chakula cha usiku. Uongo. Tatizo ni meno. Pindua baiskeli uhesabu. Hizi nyeusi kubwa za rimu 28 mara nyingi utakuta meno 44 mbele na 18 nyuma. Gawanya: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na karibu nusu. Gurudumu hilo likizunguka mara moja linakula kama mita 2.2. Kwa hiyo pedeli moja, mita 5 na ushei. Kwenye lami iliyolala, alhamdulillahi. Kwenye mwinuko unaitaka miguu ipandishe chuma cha kilo 20, wewe mwenyewe, na madumu mawili ya lita 20, mita 5 nzima kila mzunguko. Punda angekataa. Punda wa Lamu ana gia tatu, kutembea, kukimbia na kukataa, na hiyo ya tatu haiharibiki kamwe.

Tia friwili, lile duara la meno la nyuma, yenye meno 22. Pedeli moja inakuwa mita 4.4, na uzito mguuni unapungua karibu moja ya tano. Kwenye tambarare utachezesha miguu kama cherehani, lakini nani anakufukuza?

Basi nenda kwa fundi.

Fundi yuko chini ya mwarobaini. Zana zake zote zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga: spana mbili, moja imetafunwa, nyundo, tindo, na spoki iliyonyooshwa ambayo kazi yake hakuna aijuaye.

"Fundi, una friwili ya ishirini na mbili?"

"Friwili ninayo, mzee."

"Ya meno mangapi?"

"Meno yake yote yapo."

"Nataka yenye meno mengi kuliko hii yangu."

"Hii yako ina meno tele, mbona unailaumu?"

Hapo inabidi yahesabiwe. Muuza mabuyu anasogea, na kijana wa kuchaji simu na kutia salio naye anasogea. Mmoja anapata 19, mwingine 17, kwa sababu ni duara na hakuna anayekumbuka alikoanzia. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza, enyi waja! Chaki inatafutwa. Kumi na nane. Muuza mabuyu hakubali mpaka sasa.

Kuitoa ndiyo kazi. Friwili imesokotwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, kwa thredi, na kila unapokanyaga pedeli inajikaza. Maana yake kila kilima ulichopanda kimeikaza zaidi, na anayehitaji sana kuitoa ndiye ambaye kwake haitoki. Dawa ipo, na ni rahisi: kuna kichuma chenye meno mawili yanayoingia kwenye mapengo mawili ya friwili. Unakizuia kwa nati ya ekseli, usiikaze sana, unakibana kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, kisha unashika rimu kwa mikono miwili na kuizungusha kinyume cha saa kama dereva wa lori anayekata kona. Ikishtuka tu, simama, legeza nati, malizia. Dakika tano.

"Jiriwa iko kwa ndugu yangu," anasema fundi.

"Ndugu yuko wapi?"

"Kilifi."

Tindo linatoka koponi. Linawekwa kwenye pengo, nyundo inapanda, inashuka.

"Imelegea?"

"Imevunjika pengo. Lakini imevunjika vizuri."

Vizuri! Bado kuna pengo la pili, na sasa watu wazima watatu wameishika rimu kama wanavuta jarife. Mafuta ya taa yanamiminwa, tunangoja yapenye, fundi anatoa historia ya kila baiskeli aliyopata kuitengeneza tangu utoto wake. Kwa kudura za Mola inatoka. Friwili mpya anataka kuigonga nayo kwa nyundo. La! Paka grisi kwenye thredi, izungushe kwa vidole kama kifuniko cha chupa, na ikikwama mzunguko wa kwanza itoe uanze upya, maana ukilazimisha umeua habu, na habu haina kiraka.

"Mzee, cheni imepungua."

"Haijapungua. Meno yameongezeka."

"Basi tupunguze meno."

Hapa heshima ya mtu mzima hunitoka. Meno manne yakiongezeka, sogeza ekseli mbele milimita 12 au 13, na nafasi ikikosekana ongeza jozi moja ya pingili. Cheni ukiigusa katikati icheze sentimita moja hadi mbili. Ikilegea zaidi itaruka, ikikaza sana itakula goroli. Na gurudumu likishasogea, breki za fito nazo zisogezwe, kwa sababu vile viatu vya mpira havibani tena penye rimu. Hilo hutaambiwa. Utaligundua mwenyewe ukiteremkia Sabaki, ukimwita mama yako.

"Ah, breki hukuniuliza, mzee."

Na bei ya asubuhi si bei ya adhuhuri, kwa kuwa tindo nalo limeumia.

Halafu kuna wapaka mafuta. Mmoja anapaka cheni mafuta ya nazi, inanukia kama biharusi na kuokota mchanga kama mkeka. Mwingine anatia oili chafu ya gari, ambayo ikishika mchanga ni msasa mtupu. Ndani ya friwili ukitia grisi nzito, vile vijino vya ndani vinavyoikamata vinalala, unakanyaga pedeli nayo inazunguka bure. Matone ya mafuta ya cherehani yanatosha. Na cheni mpya usiifunge juu ya friwili kuukuu ambayo meno yake yamechongoka kama pezi la papa. Itateleza, na itateleza siku umesimama juu ya pedeli kwa nguvu zako zote, na lile bomba la fremu liko hapo hapo chini linakungoja. Wanaume mnanielewa.

Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume. KINYUME. Fundi hata akuapie.

Kupanda kwenyewe kuna adabu zake. Kusanya mwendo ukiwa bado chini, simama kabla kasi haijafa, vuta usukani upande wa mguu unaokanyaga. Kwenye mchanga usisimame, gurudumu la nyuma litachimba kisima. Mzigo ukae mbele ya ekseli ya nyuma, la sivyo gurudumu la mbele litainuka kusalimia. Na kushuka, shuka ungali unakwenda. Anayengoja baiskeli isimame huanguka nayo mbele ya watu.

Umemaliza kilima, sasa upepo. Msimu wa kusi, kwenda Mambrui unasukumwa mgongoni, kurudi ni kilima kingine ambacho hakionekani. Kaskazi ikija, geuza maneno. Vasco da Gama naye yalimkuta. Mwaka 1498 alitoka hapa hapa na rubani na upepo mwema, akafika Bara Hindi kwa siku 23. Kurudi, hakungoja msimu, bahari ikamla zaidi ya miezi mitatu. Nguzo akaisimamisha, jina likabaki. Mimi nikipigana na kusi toka Mambrui na dumu la mafuta, naulizwa kwa nini nimechelewa.

Na mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga Uchina. Twiga mzima, na shingo yake, ndani ya jahazi. Leo Uchina inatuletea baiskeli. Mimi sina ugomvi na biashara, lakini twiga yule alikuwa na miguu minne na hakuhitaji friwili. Na jahazini alikula nini? Majani gani hayo ya kumtosha twiga bahari nzima? Wewe wa kanzu, mjuzi wa tambarare, hebu nijibu hilo. Na hicho ni kikombe changu.