Mashine si tatizo, tatizo ni DNA inayoifikia

Kuna makala inayosema mashine za kusoma vipande virefu vya DNA zimemaliza tatizo la sehemu sugu za jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Bado. Mashine husoma urefu iliopelekewa, basi. Kamongo wa Afrika ana besi (herufi za DNA) kama bilioni 40, binadamu bilioni 3.1 hivi, na sehemu kubwa ya ziada hiyo ni mfuatano unaojirudiarudia. Ukisoma vipande vya besi 150, programu haijui kipi kimetoka wapi: inavirundika pamoja, nakala kumi zinaonekana moja. Dalili ni kina cha usomaji, yaani idadi ya vipande vinavyoangukia sehemu moja, kupanda ghafla mahali hapo. Usipokiangalia, utaripoti jeni moja palipo na ukoo mzima wa jeni zinazofanana.

Kipande lazima kiwe kirefu kuliko marudio yenyewe: besi 15,000 hadi 20,000 kwa usomaji wa usahihi wa juu, zaidi ya 100,000 kwenye sentromia, kiungo cha kromosomu kilichojaa marudio. Hapo ndipo ukusanyaji wa sampuli porini unapoharibu, maana DNA hukatika kabla ya kufika kwenye mashine. Tishu igandishwe papo hapo kwa naitrojeni ya kimiminika. Ikikaa juani saa chache, vimeng'enya vimeshaikatakata DNA. Maabarani usitikise tyubu, igeuze polepole, na tumia ncha za pipeti zenye mdomo mpana.

Mimea ndiyo balaa. Jani lililokomaa limejaa polisakaridi (sukari za minyororo mirefu) na fenoli, kemikali zinazong'ang'ania DNA. DNA ikitoka ya kahawia na inavutika kama mlenda, uwiano wa 260/230, kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga, utakuwa chini kabisa ya 1.8 na vitundu vya mashine ambamo DNA hupita ikisomwa vitaziba. Chuma majani machanga, mmea ukiwa umekaa gizani siku moja au mbili. Hilo la giza linawezekana kitaluni tu, msituni, sahau.