Laptopu ya chuo: mpya ya bei chee au mtumba wa ofisini?

Kila vyuo vikikaribia kufungua swali ni lilelile huku Kigoma, mzazi kajibana kapata vihela anauliza achukue mpya ya bei ya chini dukani au amuagize mtu Kariakoo amletee Dell Latitude iliyotumika Ulaya.

Wanaotetea mpya wana hoja na tusiwabeze. Betri haijachoka, Windows yake halali, waranti ipo. Shida ukisoma karatasi ya pembeni ya boksi, nyingi za bei hiyo ni Celeron (prosesa ya Intel, yaani ubongo wa mashine, ya daraja la chini), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 4GB na stoo ya 64GB ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, yaani fundi hawezi kukutolea akuwekee kubwa. Windows 11 yenyewe kiwango chake cha chini kabisa ndo hiyohiyo 4GB na 64GB, sasa mtoto akiweka Word, nots za semista mbili na muvi zake (ataweka tu) nafasi imeisha. Na waranti ya duka la Dar ukiwa Mwandiga huku Kigoma mi naiona ni ya kwenye karatasi, labda kama mtoto mwenyewe anasoma hukohuko Dar.

Mtumba mzuri, mfano Latitude 7490, EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480, ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, RAM unaongeza, SSD (stoo ya mashine) unabadilisha, spea zipo. Ila hapa ndo watu wanapigwa. Muuzaji anakwambia "i5 hii", yaani jina la prosesa ya Intel, halafu kimya, wakati i5-6300U ni kizazi cha 6 na i5-8350U ni cha 8, soma namba inayofuata kistari. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025 na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka Intel ya kizazi cha 8 kupanda. Wapo mafundi wa kuilazimisha kwenye ya zamani na inawaka vizuri tu, lakini Microsoft hawakuhakikishii masasisho, sasa bora hela hiyo uongezee upate ya 8.

Betri nayo usiamini mdomo. Huyo uliyemtuma afungue Command Prompt aandike powercfg /batteryreport, inatoa ripoti inayoonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo inashika kiasi gani. Azime awashe tena aingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka), aone kama haidai paswedi ya kampuni ilikotoka.

Mi nasimama na mtumba wa kizazi cha 8 wenye RAM 8GB, hasa kwa wanaoenda uhandisi maana AutoCAD (programu ya michoro ya kihandisi) kwenye Celeron ni mateso. Lakini kama huna mtu wa kuikagua kabla haijapakiwa kwenye basi, chukua mpya bila kuona aibu. Na kama kozi ni ualimu wa Kiswahili, kazi ni kuchapa na kusoma PDF, hiyo Celeron itamfikisha, chenji ilipie hosteli.