Dumu la Shangazi na Majoho ya Kwaya

Shangazi yangu wa Mkuu, Rombo, kila akija kututembelea huuliza swali lilelile akiwa bado ngazini, anahema: "Sasa mwanangu, hapa mgomba unapanda wapi?" Namwambia sina mgomba, nina veranda. Anatikisa kichwa. Kwake yeye nyumba ni kihamba: migomba, mibuni chini yake, ng'ombe bandani, na makaburi ya wazee pembeni. Mtu anayelipa kodi kila mwezi ili akae juu ya kichwa cha mtu mwingine, huyo ana shida ambayo bado haijafikishwa kwenye ukoo.

Mimi flati naipenda, na sioni aibu. Tuko ghorofa ya tatu, katikati ya Moshi, upande wa kaskazini. Asubuhi mapema natoka na kikombe cha kahawa, na Kibo huyo hapo, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, na Mawenzi pembeni yake na meno yake yaliyochongoka. Ukichelewa kuamka imekula kwako, mawingu yameshafunga duka mpaka jioni. Mwenye nyumba anaijua vizuri hiyo veranda, ndiyo maana sisi tunalipa zaidi kuliko wenzetu wanaotazama stendi. Mlima tunaulipia kodi.

Kuna raha nyingine ndogondogo. Tuna ndoo iliyokuwa ya rangi, tumeifunga kamba. Mama wa parachichi akipita chini, mke wangu, Mama Glory, anateremsha hela, anapandisha parachichi, na akikuta moja bovu anaiteremsha tena na maelezo yanayosikika mpaka Majengo. Jioni huna haja ya kuuliza majirani wanapika nini. Wa chini dagaa, wa kando mtori, na sisi tunakula harufu zao mpaka wali wetu uive. Jirani akipiga chafya, unamjibu "afya" ukiwa kitandani kwako.

Sasa mdogo wangu akatangaza kwamba anaoa baada ya Pasaka. Kikao cha kwanza kikapangwa Jumamosi moja ya Februari. Wazee wengine wangeshuka kutoka Rombo, wengine wangetoka Arusha, na kati ya Rombo na Arusha ndipo nilipo mimi. Shangazi akasema mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ni juu yake, kwa sababu kikao bila mbege ni mkusanyiko tu.

Mbege ya shangazi haina haraka. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka zinakuwa nyekundu, zinaachwa zichachuke, zinachujwa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa kwa jiwe, maana mashine, kwa maneno yake, inaunguza ladha. Unapikwa uji, uji unapoa, vinachanganywa, na gome la msesewe linatiwa kwa ajili ya ule uchungu. Msesewe ukizidi, wazee wanakaa kikao kizima wamekunja nyuso na unadhani hawampendi bibi harusi. Kitu cha kujua ni kwamba mbege ikishachanganywa hailali. Chachu inaendelea kula sukari na kutoa gesi, usiku na mchana, ndiyo maana dumu la mbege halifungwi kwa kifuniko. Linazibwa kwa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, lipate kupumua.

Shangazi alilipakia dumu la lita 20 kwenye gari la asubuhi likiwa na majani yake mdomoni, safi kabisa. Sasa ile barabara ya kutoka Mkuu kupitia Mwika mpaka Himo ina kona, halafu inashuka. Kwenye kona mojawapo dumu likatema kidogo, likalowanisha gunia la maharage la abiria mmoja mwenye mdomo. Konda akaona asiendelee kutukanwa. Akang'oa majani, akatafuta kifuniko cha dumu la mafuta ya kula, akaweka nailoni chini yake, akakaza. Kukaza huko sijui alitumia nini. Aliponikabidhi mzigo stendi alinionyesha kazi yake kwa fahari.

"Braza, hii hata uigeuze kichwa chini, haitoki tone."

Nikampa hela ya soda. Mwenyewe nilijaribu kukifungua nilipofika nyumbani, nikaishia kuchubuka kiganja.

Jikoni kwetu wanaenea watu wawili, tena wawe wanapatana, kwa hiyo Mama Glory akaamuru dumu likae veranda. Sikubisha. Veranda yetu inatazama mlima, na mwezi wa pili jua haliigusi. Nikaona pale ndipo penye ubaridi kuliko kwingine kote ndani ya nyumba. Kwa Moshi ya Februari, ubaridi ni neno la kujifariji tu. Joto linapita nyuzi 30 na halina mpango wa kuondoka.

Ijumaa jioni nimetoka kazini, Glory akanipokea mlangoni.

"Baba, dumu lina mimba."

Nikaenda kuangalia. Dumu zilezile za njano tunazozijua sote zina mbavu na kiuno. Hili halikuwa na mbavu wala kiuno. Lilikuwa limevimba pande zote, na kitako nacho kimekuwa duara, kwa hiyo lilikuwa linayumba lenyewe taratibu bila kuguswa. Ukisogeza sikio unasikia sauti nyembamba, nyiiiii, ikitokea kwenye kifuniko. Mdogo wangu, bwana harusi mtarajiwa, alikuwa amekaa sebuleni na simu. Nikamwita. Akalitazama, akarudi nyuma hatua, akasema, "Tumpigie shangazi."

Tukaweka simu kwenye spika.

"Umelifunga?" shangazi akauliza kabla hata ya salamu.

"Siyo mimi shangazi, ni konda."

"Konda wa gari gani?"

Nikamtajia gari. Akataka kujua ni yule mrefu au yule mwenye pengo. Mwenye pengo. Basi akaanza: yule ni mtoto wa kwa nani, mama yake alitokea Useri, naye alikuwa na haraka hivyohivyo, mwaka fulani aliivua ndizi jikoni haijaiva akawapa wakwe. Tuko kwenye ukoo wa konda, dumu linaendelea kuyumba. Mama Glory ndiye aliyemrudisha barabarani.

"Shangazi, tufanyeje?"

"Chukueni kitambaa kibichi. Fungeni kwenye kifuniko, mlegeze kidogo kidogo, kama unamvua kofia mtoto aliyelala. Na mdomo wa dumu, mwanangu, usiuelekeze usoni. Uelekeze kusiko na mtu."

Kusiko na mtu, kwenye flati! Nikageuka huku na huku. Ndani kuna mke, mtoto, na televisheni ambayo bado nailipia. Kushoto kuna veranda ya jirani, mzee mmoja mstaafu, anasoma gazeti. Kulia ni ukuta, na ukuta ungeturudishia. Pakabaki mbele. Mbele kuna mlima, na kwa hesabu yangu usawa ule hakuna binadamu mpaka uvuke mji. Tukalilaza dumu juu ya ukuta wa veranda, mdomo unatazama Kibo, mdogo wangu amelikumbatia kwa nyuma, mimi nimeshika kitambaa.

Nikazungusha kidogo.

Hiyo ya pili, ya kidogo kidogo, haikuwahi kufika. Kifuniko kiliondoka pamoja na kitambaa. Kilisema *paa!* na sikukiona tena. Mbege ikafuata, nzito, ya rangi ya chai ya maziwa, ikanyooka kuelekea mlimani mita kama mbili, kisha ikakumbuka kwamba kuna chini. Nikaziba mdomo wa dumu kwa kiganja. Simshauri mtu. Badala ya njia moja ikapata njia tano, kati ya vidole: moja usoni kwangu, moja kwenye gazeti la mzee mstaafu, moja kwenye wavu wa mbu, na nyingine sikuzifuatilia. Mdogo wangu anapiga kelele, "Ligeuze! Ligeuze!" na dumu analo yeye.

Mpaka lilipotulia, nusu ya mbege ilikuwa imekwenda. Pakawa kimya. Kisha ghorofa ya pili ikatokea sauti ya mama mtu mzima:

"Ruwa wangu! Majoho!"

Hapo chini yetu anakaa mlezi wa kwaya. Jengo zima tunamwita Mama Kwaya. Ana nyaya za kuanikia zinazotokeza nje ya veranda yake, na Ijumaa ile alikuwa ameanika majoho ya kwaya, meupe, yaliyotiwa bluu mpaka yanaumiza macho, tayari kwa Jumapili. Nikachungulia. Yalikuwa yananing'inia pale yamelowa, yanachuruzika kuelekea barabarani, na chenga za ulezi zimeshika kwenye kola moja baada ya nyingine.

Kifuniko nacho kilikuwa kimetua juu ya bati la kibanda cha chipsi ng'ambo ya barabara. Muuza chipsi alidhani ni risasi, akazima muziki na kulala chini. Wateja wake wakalala naye. Kijana wa bajaji aliyekuwa ameegesha chini yetu alikuwa anawasha waipa kufuta kioo, huku analamba mdomo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Moshi, kwa wasiojua, ni mji unaojivunia usafi. Hapa ganda la pipi ukilidondosha unaweza kulilipia faini bei ya boksi zima la pipi. Kwa hiyo mgambo hakuhitaji kupigiwa simu. Mlango ulipogongwa, nje walikuwapo: Mama Kwaya na joho mkononi, kijana wa bajaji, mtoto ameshika kifuniko chetu, na mgambo amesimama mbele yao na daftari.

"Nani amemwaga maji machafu barabarani?"

"Siyo maji machafu," Mama Glory akasema kwa haraka ya kunitetea, "ni pombe."

Nikafumba macho.

Mgambo akaanza kuandika. Akaacha. Akainamia lile joho la Mama Kwaya, akavuta pumzi. Akavuta tena, polepole.

"Ulezi wake umesagwa kwa mashine?"

"Kwa jiwe," nikasema.

"Mkuu au Useri?"

"Mkuu."

Kalamu ikashuka. Mama Glory, mwanamke anayejua kusoma upepo, akaleta kata. Mgambo akainua mkono kukataa. "Niko kazini," alisema, na nilimheshimu, maana macho yake yalikuwa yanasema mengine. Akatushusha chini mimi na bwana harusi, na ndoo na mafagio, tukasugua barabara na ukingo wake mbele ya wateja wa chipsi mpaka akaridhika. Wakati anaondoka akauliza, bila kutuangalia, hicho kikao cha kesho kinaanza saa ngapi. Ni kwa ajili ya kufuatilia usafi.

Usiku ule hatukulala. Mama Kwaya hakutukana, na ingekuwa nafuu angetukana. Aliyarundika majoho yote kwenye beseni letu, akasema, "Jumapili saa moja asubuhi," akashuka. Kumbe doa la mbege linatoka kwa maji ya moto na limau. Shida ni chenga za ulezi. Zinaingia ndani ya pindo la kola na ukizifuata na kijiti cha meno zinahama. Mdogo wangu alisema, katikati ya joho la sijui la ngapi, kwamba anafikiria wafunge ndoa ya mkuu wa wilaya, kimyakimya.

Jumamosi wazee wakafika. Mlima hawakuuona, majoho yalikuwa yameziba veranda nzima. Mbege iliyobaki ilikuwa kwenye sufuria, ndoo na jagi, vyote wazi, na Mama Glory alikataza hata sahani kuwekwa juu. Wakaonja, wakasifu, wakasema imechangamka. Mama Kwaya akapanda kunusa majoho, joho moja moja. Kufikia saa nane alikuwa ameshakabidhiwa mapambo ya ukumbi.

Mgambo alikuja na shati la kitenge lililopigwa pasi, akakaa kati ya babu mdogo na mzee mmoja wa Mashati. Kila upande ulidhani ni wa upande wa pili. Alisikiliza zaidi kuliko kusema, akashika kata kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nilipotoka jikoni na nyama, nikakuta kamati imeshachaguliwa. Babu mdogo alikuwa amesema kwamba michango ya harusi siku hizi watu wanaahidi halafu wanapotea, kwa hiyo mweka hazina awe mtu wa kuogopwa na mwenye daftari lake mwenyewe.

Faini sikuandikiwa. Lakini ahadi niliitaja mbele ya ukoo, na mbege nayo ilikuwa imechangia kuikuza. Jana usiku simu imeingia ujumbe:

"Baba Glory, habari za jioni. Ahadi yako bado laki moja na nusu. Niko hapa kwenye chipsi. Usizime taa, nimeshakuona."