Dawa ya deni ni kulipa, hakuna mtu wa kukufutia CRB

Kila nikifungua Facebook siku hizi nakutana na matangazo ya watu wanaojiita maejenti wa CRB (Credit Reference Bureau, kampuni zinazoweka rekodi za madeni ya watu), ati tuma Sh1,500 na picha ya kitambulisho jina lako litolewe leo leo kwenye orodha ya wasiolipa. Sizunguki, ni uongo. Hakuna mtu mtaani mwenye ufunguo wa kuingia mle akafuta jina la mtu. Kenya kuna kampuni tatu zilizopewa leseni na Benki Kuu kufanya kazi hio, TransUnion, Metropol na Creditinfo, na zote zinaandika kile walicholetewa na benki au mkopeshaji. Mkopeshaji wako hajasema umelipa basi kule utabaki hujalipa, hata huyo ejenti umpe elfu kumi.

Na hasara sio ile Sh1,500 pekee. Mtu ana nambari yako ya kitambulisho, ana picha yako, halafu anakupigia anakwambia nisomee ile namba ya siri imeingia kwa meseji kwenye simu yako tumalizie kazi, unamsomea, hapo ushampa mwenyewe nafasi ya kukopa kwa jina lako. Umeenda kutafuta dawa ya deni moja umerudi na mawili.

Mimi nina duka la M-Pesa hapa Malindi, Maweni, na kazi hii inakuonyesha shida za watu kabla hawajasema. Upepo wa kusi ulipokuwa umekaza alikuja baharia mmoja wa Shella, mtu mzima, ana Sh2,000 mkononi noti zimelowa, anataka nimuwekee kwa simu amtumie mtoto wake yuko shule ya bweni. Nikamuwekea. Meseji ikaingia akanipa simu nimsomee manake miwani kaiacha nyumbani: Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokujazia pesa zikipungua, imejilipa Sh1,600 na kitu, kilichobaki hakifiki mia nne. Akaniuliza, "Mwanangu, si umezitia zote?" Nikamwambia nimezitia zote mzee wangu, ni Fuliza imekata deni lake. Deni lenyewe hakumbuki lilianza lini, mara unga, mara petroli ya boti, vijisenti vijisenti.

Hivyo ndivyo Fuliza inavyofanya kazi, na watu wengi wanaitumia bila kujua. Ukiichukua unakatwa asilimia 1 hapo hapo, halafu kuna ada ya kila siku kulingana na kiasi unachodaiwa, na pesa yoyote ikiingia kwa laini yako inaenda kulipa kwanza. Kwa mtu wa mshahara wa mwisho wa mwezi hio si tatizo kubwa. Lakini sisi watu wa pwani hii hatuli kwa mwezi, tunakula kwa msimu. Wakati wa upepo wa kaskazi bahari imetulia, samaki wapo, wageni wamejaa mahotelini, mpaka muuza mabuyu anashika pesa. Kusi ikiingia kuanzia Aprili vyombo vidogo vinafungwa, mahoteli mengine yanafunga kabisa, watu wanaambiwa rudini nyumbani tutawaita. Sasa wewe nipe mimi mkopo wa siku 30 mwezi wa tano, nitaulipa na nini mwezi wa sita? Deni likipita siku 90 halijalipwa linahesabiwa ni deni bovu, na siku 90 ndani ya kusi ni kusi bado inavuma. Watu wanasema watu wa huku hawalipi, mimi naona wengi wanalipa, ila wanalipa kaskazi ikirudi na wakati huo jina lishaenda CRB.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na huu ndio nausisitiza kuliko yote, kama pesa yako inakuja kwa msimu usikope mkopo wa mwezi ukielekea kusi. Kopa kaskazi ukiwa na uhakika wa kulipa, hata kidogo, ulipe mapema, hapo ndipo jina linajengeka. Na kama ushabanwa usizime simu! Nenda kwa mkopeshaji kabla siku 90 hazijafika umwambie nitaweza kiasi hiki kwa wiki, wengi wanakubali kupanga upya kwa sababu wao pia hawataki deni bovu kwenye vitabu vyao.

Kama jina lishaingia, anza na ripoti. Kanuni za mwaka 2020 zinakupa haki ya ripoti moja bure kila mwaka, na unaweza kuanza kwa simu tu, Metropol wana *433#. Ikija isome mstari kwa mstari: nani anakudai, kiasi gani ulichukua, kiasi gani kimebaki, siku ngapi umechelewa. Usishangae ukakuta deni hulijui kabisa. Nimeona mama mmoja muuza viazi karai amekutwa na deni la laini ambayo hajawahi kuishika, ilisajiliwa kwa kitambulisho chake na mtu mwengine. Piga *106# kama uko Safaricom uone laini zilizo kwa jina lako, na deni lisilo lako lilalamikie kwa maandishi kwa CRB na kwa mkopeshaji, una haki ya kudai lichunguzwe na lirekebishwe. Pia jua kwamba deni lisilofika Sh1,000 halitakiwi kukuingiza kwenye orodha mbaya, hio nayo ni kanuni ya 2020, na mkopeshaji anatakiwa akupe notisi kabla ya kukupeleka.

Deni likiwa lako, lipa. Anza na yale madogo madogo ya apu za simu, lipa kwa pebili (Paybill, namba ya malipo ya M-Pesa) ya mkopeshaji mwenyewe sio kwa namba ya mtu aliyekupigia, na ile meseji usiifute. Kama ni benki na deni limefura mpaka hulielewi, ulizia hesabu, manake kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba ya deni bovu kupita kiasi cha mkopo uliokuwa umebaki siku lilipoharibika. Wengi wanalipa tu kwa kuogopa bila kuuliza. Ukimaliza omba barua kwamba umelipa, halafu baada ya wiki chache angalia tena ripoti kama wamebadilisha, na wasipobadilisha wasumbue. Hapa mimi nawalaumu wakopeshaji waziwazi, kukupeleka CRB wanafanya haraka, kukutoa wanajikokota, na mtu amelipa mpaka shilingi ya mwisho bado anaonekana anadaiwa.

Mtu anauliza, nikilipa habari zinafutika? Hazifutiki siku hio. Rekodi ya kuchelewa inakaa mpaka miaka 5 baada ya kulipa, ila inasoma kwamba umelipa, na mkopeshaji mwenye akili anaona tofauti. Skoa ya Metropol, yaani alama ya jinsi unavyolipa madeni, inatoka 200 mpaka 900, ikiwa chini ya 400 milango mingi imefungwa, na kuipandisha hakuna njia ya mkato, ni kulipa kwa wakati mara kwa mara na kuacha kukopa apu sita kwa mpigo ili moja ilipe nyengine. M-Shwari, ile akaunti ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, pia inaangalia akiba yako, mtu anaweka mia mbili mia tatu kila kaskazi na limiti inapanda polepole.

Kuna jambo jengine linaniuma kwa sababu liko ndani ya familia zetu. "Shangazi nikopee kwa simu yako, mimi limiti yangu imeisha, nitakutumia Ijumaa." Ijumaa inapita, shangazi anaona haya kumdai mtoto wa nduguye, na jina linaloharibika ni la shangazi. Mkatalieni. Kama una pesa mpe yako umsaidie, lakini jina lako usimuazime mtu, hata awe wa tumbo moja.

Mwisho wa 2022 Benki Kuu ilileta mpango wa kusamehe nusu ya deni kwa waliokopa kwa simu, ulipe nusu iliyobaki kufikia mwisho wa Mei 2023. Nawajua watu hapa walioitumia vizuri na wengine waliodhani ni kampeni tu wakaipuuza. Ikija nyengine kama hio msiipuuze, lakini pia msikae kuingoja.

Na hili la kazi naomba wakubwa walisikie. Kijana wa Muyeye amemaliza chuo, anaomba kazi, anaambiwa lete cheti cha CRB. Hajalipa deni la Sh3,000 kwa sababu hana kazi, na kazi anainyimwa kwa sababu hajalipa. Nani anafaidika hapo? Hata huyo mkopeshaji halipwi. Kwa kazi ya kushika pesa za watu sawa, naelewa, lakini mwalimu wa chekechea, mlinzi, mpishi wa hoteli, cheti cha CRB cha nini? Wapeni kazi kwanza muone kama hawatalipa. Na nyinyi vijana, cheti cha kwanza cha kuonyesha huna deni kinatolewa bure kwa kanuni zile zile za 2020, kwa hivyo anayekudai pesa akutolee hicho cha mara ya kwanza, muulize ya nini.