Seva inayodanganya ni mbaya kuliko iliyokufa

Jumamosi kwenye kikao cha kikundi chetu cha akiba hapa Gungu, Kigoma, mama mmoja anayenunua dagaa mwalo wa Kibirizi alisimama, simu mkononi. Asubuhi salio lake lilisoma 412,000. Mchana likasoma 142,000, na hajatoa hata senti. Fundi aliyetuuzia mfumo akamjibu: "Usiwe na wasiwasi mama, data zipo kwenye seva tatu."

Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Seva tatu, yaani kompyuta tatu zinazotunza hesabu ileile, zinafaa moja ikizimika. Yetu haikuzimika. Baadaye fundi alikiri ilikuwa na kasoro ya kumbukumbu. Ilikuwa hai, inajibu upesi, inajibu uongo. Wataalamu wa kompyuta Lamport, Shostak na Pease walilieleza tatizo hili mwaka 1982 kwa mfano wa majenerali wa Bizanti wenye wasaliti kati yao, wakathibitisha kwamba kumhimili msaliti mmoja kunahitaji majenerali wanne kwa jumla, naye akiwemo. Wasaliti wawili, saba.

Kwa nini watatu hawatoshi? Seva ya kwanza inaambiwa na ya pili: salio ni 412,000. Inaiuliza ya tatu: wewe umeambiwa ngapi? Inajibu: 142,000. Sasa muongo ni yupi? Ya pili yenye ndimi mbili, au ya tatu inayomsingizia mwenzake? Kwa ya kwanza, hali hizo mbili zinafanana kabisa. Haina pa kushika mpaka awepo wa nne wa kuulizwa.

Wala si lazima awepo mwizi. Julai 2008 Amazon S3, huduma ya kuhifadhi data mtandaoni, ilisimama kwa saa kadhaa kwa sababu ya ujumbe ulioharibika biti moja tu, yaani sifuri au moja moja tu kati ya zinazouunda. Ulisomeka vizuri, na seva zikapashana uongo ule kama umbea wa kisimani.

Haya, seva ya nne ni gharama. Na ujumbe ukiwa na saini isiyoghushika, hata tatu zinatosha. Basi tungewekewa saini! Hatukupewa hiki wala kile.

Enzi za sanduku la kufuli tatu, mweka hazina alitaja hesabu kwa sauti mbele ya watu thelathini. Asingeweza kumwambia huyu hili na yule lile. Wote tulisikia neno moja. Ulinzi huo tuliutupa wenyewe tulipohamia kwenye simu.

Yule mama ameomba akiba yake isomwe tena kikaoni. Nimemuunga mkono, na Jumamosi ijayo nakwenda na daftari la zamani.